Karibu na Kigingi



Neno tulilolichagua kwa mwezi huu limo katika Waraka kwa Waefeso, mlango wa 2, aya ya 13. Hapo Mtume Paulo awakumbusha Wakristo wa Efeso, waliokuwa watu wa mataifa, jinsi walivyokuwa mbali zamani, wasiwe na agano wala tumaini, na jinsi walivyoletwa karibu kwa damu ya Kristo. Fungueni Biblia zenu mkaisome aya hiyo wenyewe, kisha mrudi kwetu. Maana tunataka kuieleza kwa habari za mzee mmoja tuliyemjua, ambaye alilala katika Bwana mwezi wa Februari mwaka huu.

Mzee huyo hakuwa askofu wala mmisionari, wala hakuandika kitabu. Alikuwa mkulima wa jimbo la Minnesota, katika nchi ya Marekani, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa; na kwa muda wa zaidi ya miaka hamsini watu wa mji wake walimjua kwa jambo moja dogo, nalo ni mchezo wa kurusha viatu vya farasi. Twajua ya kuwa wengine wenu mtacheka. Sisi nasi tulicheka tulipoambiwa mara ya kwanza. Lakini ilipofika barua ya kutuarifu kifo chake, hatukucheka. Na tangu siku ile hatuwezi kuisoma aya hii pasipo kumwona yeye amesimama na chuma mkononi. Jina lake hatuliandiki, kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutajwa mbele za watu.

Mchezo wenyewe ni huu. Farasi wa kazi hupigiliwa chuma chini ya kwato zake, zisije zikalika kwa mawe. Chuma hicho kimepindwa mfano wa mwezi mwandamo, na upande mmoja ki wazi; ndicho kiitwacho kiatu cha farasi. Zamani watu walitwaa vyuma vilivyochakaa, wakasimika kigingi, wakashindana kuvirusha ili vikizunguke. Siku hizi viatu vya mchezo vyatengenezwa makusudi, wala farasi hawezi kuvivaa. Uzito wa kimoja haufiki kilo moja na robo. Vigingi ni viwili, vya chuma, navyo vimetengana futi 40, yaani kama mita 12. Na kila kimoja chatokeza juu ya udongo kadiri ya inchi 14 au 15. Kila mchezaji hurusha viatu viwili. Kiatu kikikizunguka kigingi chapata alama tatu. Kisipokizunguka, lakini kikalala karibu nacho kwa nafasi isiyozidi inchi 6, chapata alama moja. Kilichoanguka mbali zaidi ya hapo hakipati kitu.

Mashindano ya kwanza yaliyoitwa ya dunia yalifanyika mwaka 1909 katika mji mdogo wa Bronson, jimbo la Kansas, akashinda Frank Jackson, mtu wa Iowa. Tangu hapo mchezo huu umekuwa na chama chake cha taifa na sheria zake zilizoandikwa. Walakini wengi wauchezao hawatafuti ubingwa. Hukutana jioni moja katika kila juma, wakati wa kiangazi, wakulima na mafundi na waalimu wa shule, wanaume kwa wanawake, nyuma ya nyumba ya mikutano au kando ya kanisa.

Jambo moja la desturi yao lilitupendeza tangu mwanzo. Washindani wawili husimama upande mmoja, si kuelekeana kama maadui. Hurusha kwa zamu, kisha hutembea pamoja mpaka kigingi cha pili waone viatu vilipoangukia. Huviokota, hupatana juu ya alama, na kurusha tena kurudi walikotoka. Hivyo watu wawili washindanao jioni nzima hutembea bega kwa bega mara nyingi sana, wakizungumza njiani. Ndugu zetu wa Dayosisi ya Iringa, ambao urafiki wao na Walutheri wa Saint Paul katika Minnesota waitwa Bega kwa Bega, wataelewa upesi kwa nini jambo hilo lilitugusa.

Sisi tulifika kule mwaka 2017, tukakaa tangu Juni hata Oktoba, wageni wa usharika mmoja wa Kilutheri wa mashambani. Kanisa lao lilijengwa na watu waliotoka Norwei, na majina ya wazee wao yameandikwa juu ya mawe ya makaburi kando ya mlango. Siku za Juni jua la huko huchwa karibu saa tatu ya usiku. Na mgeni asiyekuwa na jamaa yake huona jioni kuwa ndefu. Jumatano ya kwanza mzee yule alikuja akatuchukua katika gari lake, hakutueleza twendako, akatufikisha penye vigingi, akatutia kiatu mkononi. Tulirusha. Kiatu kikaenda majanini, mahali ambapo hapana mtu aliyetazamia. Wote wakanyamaza kwa adabu. Yeye akakifuata, akakileta, akasema, "Mchungaji, mimi nilianza vibaya kuliko hivyo."

Hakuwa bingwa. Alipata kikombe kimoja tu cha ushindi katika maisha yake, na mkewe alikitumia kutilia vifungo vya nguo. Kazi yake iliyojulikana na wote ni kutunza udongo. Maana kigingi husimikwa katika udongo wa mfinyanzi, nao hauna budi kulowanishwa kila mara. Ukikauka, kiatu huugonga kikaruka mbali, hata kama kilirushwa vema. Ukiwa mbichi, kiatu hukaa pale kilipoangukia. Basi mzee huyo, akiisha kukamua ng'ombe zake, alipita na ndoo ya maji, akaulowanisha udongo wa vigingi vyote, akaugeuza kwa koleo, akaufunika kwa mbao. Hakuna aliyemwagiza. Tulipouliza ameifanya kazi hiyo tangu lini, hapana mtu aliyekumbuka.

Na penye vigingi vile walikuja watu ambao kanisani hawakuonekana. Alikuwako mtu mmoja aliyerudi kutoka vitani akiwa hawezi kustahimili umati. Alikuwako mmoja aliyeachwa na mkewe kwa ajili ya pombe. Mzee alitembea nao kutoka kigingi hata kigingi. Hatukumsikia akiwahubiri. Mara nyingi aliuliza habari za mvua na za mama zao. Lakini walijua ya kuwa Jumatano atakuwako.

Sasa sikieni jambo lililotufanya tuandike. Mwaka ule mzee alikuwa na umri wa miaka 76, na bega lake la kuume lilikuwa limeharibika. Mwezi wa Julai tuliona viatu vyake vyaanguka kabla ya kufika, leo kwa shubiri moja, juma lijalo kwa mkono mzima. Hakusema neno. Kisha Jumatano moja hakuja. Jumatano ya pili hakuja. Wenzake walisema, "Ana kazi ya majani ya ng'ombe." Udongo ulikuwa umelowanishwa kama kawaida, alikuja alfajiri, akaondoka kabla ya kuonekana na mtu.

Yatupasa kuwaeleza ya kuwa iko sheria katika mchezo huo kwa watu wa namna yake. Wanawake na watoto hurusha kutoka futi 30, si futi 40. Na mwanamume aliyetimiza miaka 70 ana ruhusa kusogea mbele na kurusha kutoka hapo. Kigingi hakisogezwi, wala hakifupishwi, wala alama hazipunguzwi thamani. Mtu ndiye asogezwaye karibu. Ruhusa hiyo mzee alikuwa nayo tangu miaka sita iliyopita, asiitumie hata siku moja.

Tulikwenda kwake pamoja na wachezaji wawili, mmoja wao mama mjane aliyekuwa mwandishi wa alama. Tulimkuta ameketi barazani. Tulipomwuliza, alituambia, "Mchungaji, nimerusha futi arobaini tangu nilipokuwa kijana wa miaka ishirini. Siwezi sasa kwenda kusimama pamoja na watoto."

Sisi, tuliosoma chuoni namna ya kuwafariji wazee, hatukuwa na jibu. Mama yule ndiye aliyejibu. Akasema, "Mimi nimesimama hapo miaka yangu yote. Je, sikuwa nikicheza?" Mzee akatazama chini. Mama akaendelea, wala hakupaza sauti: "Kigingi ni kile kile."

Jumatano iliyofuata alikuja. Akasimama kwanza penye mstari wake wa zamani, akakaa kitambo. Watu wote wakajifanya wanatazama mahali pengine. Kisha akatembea zile futi kumi. Kiatu cha kwanza kikapita juu ya kigingi, kwa kuwa mkono ulizoea kutumia nguvu nyingi. Cha pili kikaanguka kando ya kigingi, kwa nafasi ya upana wa kiganja. Alama moja. Akageuka kwetu akicheka, na machozi yalikuwa machoni pake, akasema, "Kumbe nilikuwa nimechoka. Miaka sita nilikuwa nimechoka, wala sikumwambia mtu."

Ndugu zangu, neno hilo lilitufuata njia yote ya kurudi nyumbani. Kwa maana katika usharika wetu alikuwako mzee mwingine, naye hatuna budi kuungama habari zake mbele yenu.

Huyo alikuwa mwalimu wa kijiji kwa miaka mingi kabla ya sisi kubarikiwa kuwa mchungaji. Aliwafundisha Katekisimo baba zao walio wazee wa Kanisa leo. Sauti yake ndiyo iliyoanzisha nyimbo. Alipokuwa mzee aliacha kuja kanisani. Tuliuliza mara moja, tukaambiwa, "Amepoa." Nasi tukaliamini neno hilo, kwa kuwa lilitupunguzia kazi, maana nyumba yake iko juu ya kilima, na sisi tulikuwa na vikao. Ukapita mwaka, ukapita wa pili. Jina lake lilikuwa katika daftari ya usharika, na sisi tulilipita kila tulipofunua daftari.

Tuliporudi mwezi wa Oktoba tulikipanda kilima kile peke yetu. Tulipiga hodi. Kimya. Tukapiga tena. Sauti ikajibu toka ndani, "Ni nani?" Tukajitaja. Ikapita kitambo, kisha akasema, "Mchungaji, umekuja kunizika?"

Hakusema kwa uchungu. Aliuliza tu, kama mtu aulizavyo saa. Tulipiga magoti kando ya kitanda chake, tukamwomba radhi. Akatuambia habari zote. Miguu yake haikuweza tena kusimama wakati wa sala na kusomwa kwa Injili, akaona aibu kuketi hali watoto aliowafundisha wamesimama. Macho yake hayakuweza kusoma kitabu cha nyimbo. Tena, siku zile wahesabu-fedha wetu walikuwa wakisoma mbele ya watu wote jina la kila mtu na sadaka yake. Naye hakuwa na kitu. "Mwanangu," akasema, "nilikaa mbali nisiwaaibishe."

Hakuwa amepoa hata kidogo. Kila Jumapili kengele ilipolia aliketi kitandani, akaisema ibada yote kwa moyo, sehemu ya mchungaji na sehemu ya watu, peke yake.

Tulimweleza habari za mzee wa Minnesota. Akacheka sana kusikia ya kuwa watu wazima wanarusha viatu vya farasi. Kisha akanyamaza, akauliza, "Naye aliposogea, alipata ngapi?"

Tukajibu, "Moja, Baba."

Akasema, "Moja si haba."

Siku ile tulimpa Chakula cha Bwana pale pale kitandani. Jumapili iliyofuata vijana wanne walimchukua kwa kiti, wakamweka mbele karibu na madhabahu, na mtoto mmoja aliketi miguuni pake akimnong'oneza mwanzo wa kila ubeti, mengine aliyajua. Alikuja Jumapili nne. Juma la tano tulimzika.

Twamshukuru Mungu kwa zile nne. Lakini hatuwezi kuzisahau zile nyingine, ambazo ni zaidi ya mia, alizoketi peke yake juu ya kilima kwa sababu hapana aliyekwenda kumwambia kwamba ana ruhusa ya kusogea.

Basi tujifunze nini? Tutasema mambo matatu.

Kwanza, wote hukosa. Katika lugha yetu neno ni moja: mtu akirusha asipige, twasema amekosa, mtu akivunja amri ya Mungu, twasema amekosa. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa ya kuwa neno la Kiyunani litumiwalo kwa dhambi katika Agano Jipya nalo lilitumiwa zamani kwa mtu aliyekosa shabaha. Katika wachezaji wa siku hizi yuko Alan Francis wa Defiance, jimbo la Ohio, ambaye amekwisha shinda ubingwa wa dunia zaidi ya mara 20. Hata huyo, ambaye hapana amshindaye kwa urahisi, hukosa karibu mara kumi katika kila mia. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa chuma na kigingi, itakuwaje kwa moyo wa mwanadamu na amri kumi? Asimame yule ambaye hakukosa juma hili, kwa neno, au kwa tendo, au kwa kuacha kutenda. Sisi tuandikao tutaketi.

Pili, kigingi hakisogezwi, bali mtu huletwa karibu. Wako watu wafikirio ya kuwa neema ni kuipunguza sheria ya Mungu mpaka imfae kila mtu. Sivyo. Mungu hakusema ya kuwa uongo si uongo tena, wala hakukipunguza kimo cha upendo anaotudai. Sheria yake imesimama pale pale. Lakini alituona tumesimama mbali, mkono umelegea, kila tulichokirusha kimeanguka njiani, akamtuma Mwanawe. Mtoza ushuru alisimama mbali, asithubutu hata kuinua macho, naye akarudi nyumbani amehesabiwa haki. Mwana mpotevu alikuwa angali mbali, na baba yake akapiga mbio kumwendea. Mchezaji husogea kwa miguu yake mwenyewe. Sisi hatukuwa na miguu ya kutufikisha. Tuliletwa, na gharama ya kutuleta ni damu.

Tazameni tena lugha yetu. Neno tulitumialo kwa kitu kisicho mbali ndilo neno tumwambialo mgeni apigaye hodi: Karibu. Bibi zetu walilitamka neno hilo mlangoni kabla hawajaisikia Injili, wakijua kwamba mtu hawezi kupewa chakula akiwa njiani. Sharti aingie kwanza. Mungu naye atuambia hivyo hivyo. Hasemi, "Piga vema, kisha uje." Asema, "Karibu," nasi tukiisha kuwa karibu ndipo atufundishapo kupiga.

Lakini mtu asijidanganye akisema, "Mimi ni karibu na Kanisa, basi yatosha." Katika mchezo ule kiatu kilicho kando ya kigingi hupewa alama yake, bali kwa Bwana hatukuitwa tukalale kando. Mwandishi mmoja aliambiwa na Bwana Yesu ya kuwa hayuko mbali na ufalme wa Mungu, na Injili ya Marko haituambii kama aliingia. Wewe uketiye nje chini ya mwembe kila Jumapili, ukisikiliza mahubiri kupitia dirishani, ni vema umekuja. Ingia.

Tatu, kazi hii ya kuwaleta watu karibu amewapa watu wake. Walimu na wazee wa Kanisa, twawaomba mfanye jambo moja kabla gazeti la mwezi ujao halijafika. Twaeni daftari ya usharika, mkae pamoja, msome kila jina polepole. Kila jina ambalo hapana ajuaye habari zake tangu Pasaka, liandikeni katika karatasi. Kisha mwende. Msitume mtoto na barua. Mwende wenyewe, mpige hodi, na mkijibiwa kwa neno gumu kama tulilojibiwa sisi, mlipokee, maana mnastahili.

Mkiisha kurudi, angalieni desturi zenu. Je, asiyeweza kusimama amepewa kiti pasipo kuulizwa mbele ya watu? Je, asiyeona ana mtoto wa kumnong'oneza? Je, majina na sadaka bado yatangazwa hata maskini aone aibu? Sisi tumeiacha desturi hiyo, sadaka haikupungua. Je, aliyewekwa chini ya marudi ya Kanisa anajua siku gani na njia gani atarudishwa, au ameachwa tu mlangoni mpaka asahauliwe? Huo ndio udongo wa kigingi, ndugu zangu. Ukiwa mkavu, hata aliyekuja vema atagonga na kuruka mbali. Umwagilieni maji. Kazi hiyo haina kikombe, wala hapana atakayekumbuka mlianza lini.

Nanyi wazee wetu, mliochoka na hamkumwambia mtu, tuna neno kwenu pia. Baba, Mama, msione haya kusogea. Yule aliyewapokea mlipoletwa ubatizoni, wakati mlipokuwa hamwezi kitu, hawadai leo nguvu za ujana. Ikiwa hamwezi kuja, tumeni habari, nasi tutakuja. Ikiwa mwaweza kuja lakini hamwezi kusimama, njoni mketi. Ikiwa mikono ni mitupu, njoni na mikono mitupu. Ndivyo tupokeavyo sisi sote penye Meza ya Bwana, hata mchungaji.

Barua iliyotuletea habari za mzee wa Minnesota yasema ya kuwa aliendelea kurusha kutoka futi 30 mpaka kiangazi kilichopita, na ya kuwa wanaume watatu wa umri wake, waliokuwa wameacha mchezo kwa aibu, walimwona amesogea nao wakarudi. Siku ya maziko kanisa lilijaa. Yule mtu wa vitani asiyestahimili umati aliingia, akasimama nyuma, akakaa mpaka mwisho. Udongo wa vigingi ulikuwa umeganda chini ya theluji, hapakuwa na la kufanya. Mama yule mwandishi wa alama aliandika maneno machache mwishoni: theluji ikiyeyuka, yeye ndiye atakayepita na ndoo ya maji.

Tuombe. Ee Bwana Mungu, Baba yetu, twakushukuru kwa watumishi wako wadogo ambao vitabu haviwataji. Twaungama ya kuwa tumewaacha wengine mbali, tukaita uvivu wetu kupoa kwao. Utusamehe. Utupe miguu ya kupanda vilima, na masikio ya kusikia wasiojibu mara ya kwanza. Na siku yetu itakapofika, nasi tumesimama mlangoni pako na mkono uliochoka, utuambie neno lile tuambianalo sisi kwa sisi kila siku, Karibu. Kwa ajili ya Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.